Damu Inapoganda: Chembe Sahani Zilizoamka na Maneno ya Kuzieleza

Makala haya yalianzia darasani. Katika somo la tafsiri tuliwapa wanafunzi wetu karatasi ya maelezo ya aspirini, ile ya kipimo kidogo wanayopewa watu waliowahi kupata mshtuko wa moyo, ili waitoe katika Kifaransa na kuiandika kwa Kiswahili. Matini yenyewe haikuwa ndefu. Hata hivyo sentensi moja, iliyosema kwamba dawa hiyo huifanya damu itiririke kwa wepesi zaidi, ilituletea tafsiri tatu. Kundi la kwanza liliandika kwamba dawa "hupunguza damu". Kundi la pili liliandika kwamba "huyeyusha damu". La tatu lilichagua "hulainisha damu".

Tulipozisoma kwa sauti, mwanafunzi mmoja aliuliza: "Mwalimu, huyu mgonjwa akiambiwa damu yake itapunguzwa, si ataiacha dawa?" Swali hilo lilitufanya tuiweke kando ratiba ya siku ile. Kwa msemaji wa Kiswahili, mtu aliyepungukiwa na damu ni mgonjwa. Hupelekwa hospitali, hupewa vidonge vya madini ya chuma, na huhimizwa kula mboga za majani na maini. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayekubali kumeza kila siku kidonge cha kumpunguzia damu. Na mtu aliyepata mshtuko wa moyo akiacha dawa hii bila ya ushauri wa daktari, mshipa wake unaweza kuziba tena. Kumbe kosa la mfasiri linaweza kumfikisha msomaji pabaya.

Tuligundua pia kwamba sisi wenyewe, walimu na wanafunzi, hatukujua vizuri kinachotokea damu inapoganda. Mfasiri asiyeelewa jambo hulazimika kufasiri maneno badala ya jambo lenyewe. Tulirudi basi kwenye vitabu vya elimu ya mwili, tukawauliza wenzetu wa upande wa tiba, na hapa tunaeleza tuliyoyapata.

Kitenzi ganda na watoto wake

Kitenzi ganda kina kazi nyingi. Maji huganda yakawa barafu, mafuta ya kupikia huganda asubuhi ya baridi, maziwa huganda yakawa mtindi, mtoto humganda mama yake sokoni, na damu huganda juu ya jeraha. Wanafunzi wetu wanaozungumza Kinyarwanda wana kitenzi kuvura, kinachotumika kwa maziwa na kwa damu pia, nacho huandikwa sawasawa na kuvura chenye maana ya kutibu. Hatudai kwamba viwili hivyo ni ndugu. Tunasema tu kwamba darasa zima lilicheka lilipoligundua jambo hilo.

Wingi huu wa maana ni utajiri, lakini pia ni mtego. Mtu akisikia "kuganda" hufikiria barafu, na akifikiria barafu hufikiria "kuyeyusha". Damu haigandi kwa sababu ya baridi. Kinyume chake, mwili ukipoa sana damu huchelewa kuganda, ndiyo maana madaktari wa upasuaji huhangaika kumpa joto majeruhi anayevuja damu. Wala damu haigandi kwa sababu imekauka hewani, maana huganda hata ndani ya mshipa usioona hewa kabisa. Mfano ulio karibu zaidi ni ule wa maziwa: protini zilizokuwa zimeyeyuka katika kimiminika hubadilika, zikashikana, na kimiminika kikawa kitu kizito. Lakini hata mfano huo hautoshi, kwa sababu maziwa huganda bakuli zima, ilhali damu katika mwili mzima huganda pale penye jeraha na si kwingine. Kwa nini iwe hivyo? Jibu linapatikana kwenye chembe sahani.

Chembe zilizolala

Katika damu mna chembe nyekundu, chembe nyeupe, na vitu vidogo kuliko zote hizo ambavyo Wafaransa huviita plaquettes. Baadhi ya waandishi wa Kiswahili huviita chembe sahani, wengine vigandisha damu. Tutayarudia majina hayo baadaye. Kwa sasa tutumie la kwanza.

Chembe sahani ni duara bapa lenye upana wa maikromita 2 hadi 3, yaani ukizipanga mstarini utahitaji zaidi ya 300 kufikisha milimita moja. Katika tone dogo la damu lenye ujazo wa milimita moja mna chembe sahani kati ya 150,000 na 400,000 kwa mtu mwenye afya. Hazina kiini. Sababu yake ni kwamba si seli kamili bali ni vipande: ndani ya uboho wa mifupa mna seli kubwa mno ambazo hunyoosha matawi marefu hadi ndani ya mishipa, na matawi hayo hukatikakatika kuwa chembe sahani. James Homer Wright wa Boston ndiye aliyeonyesha asili hiyo mwaka 1906. Hapa neno letu "chembe" linafaa kuliko "seli", kwa kuwa chembe ni kipande kidogo cha kitu. Mwili hutengeneza takriban bilioni 100 za chembe hizi kila siku, na kila moja huishi siku 7 hadi 10 tu.

Wa kwanza kuzieleza kwa ukamilifu alikuwa Mwitaliano Giulio Bizzozero, aliyefanya kazi Torino. Mjerumani Max Schultze alikuwa amekwisha kuziona mwaka 1865, lakini Bizzozero, katika maandishi yake ya 1881 na 1882, alizitazama kwa hadubini zikipita ndani ya mishipa ya wanyama walio hai, akaona kwamba mshipa ukiumizwa chembe hizi ndizo za kwanza kukwama pale. Alizipa jina la piastrine, yaani visahani, na alipoandika kwa Kijerumani alitumia neno lenye maana hiyohiyo. Lugha nyingi za Ulaya zilifuata njia hiyo, na jina letu la "chembe sahani" ni mjukuu wa macho ya Bizzozero.

Katika mshipa mzima chembe hizi hazifanyi lolote. Hupita tu, zikisukumwa na chembe nyekundu kuelekea kandokando ya mshipa, mahali panapofaa kwa mlinzi wa doria. Tabaka laini la ndani ya mshipa hutoa kemikali zinazozibembeleza zisiamke. Hili ni jambo la kusisitizwa kwa wanafunzi: chembe sahani iliyolala haigandishi damu. Mtu mwenye chembe 300,000 katika kila tone halafu zote zimelala hana hatari ya kuziba mshipa.

Kuamka

Kisu kinapoteleza jikoni, tabaka lile laini hupasuka na damu hukutana na vitu ambavyo kwa kawaida haivigusi. Kimojawapo ni kolajeni, protini ngumu yenye nyuzinyuzi inayoipa nyama uimara. Protini nyingine ndefu, iitwayo kwa jina la daktari Erik von Willebrand wa Finland, hunasa kwenye kolajeni hiyo na kujinyoosha kama kamba iliyotupwa mtoni. Chembe sahani zinazopita kasi huishika kamba hiyo, zikapunguza mwendo, kisha zikatulia juu ya ukuta. Hapa Kiswahili kinatupa kitenzi kinachofaa kabisa: chembe sahani zimegandama. Kugandama ni kunata mahali bila ya kuondoka.

Mguso huo ndio unaoziamsha. Kwa dakika chache mambo mengi hutokea kwa pamoja. Madini ya kalisi yaliyohifadhiwa ndani ya chembe hufunguliwa. Chembe hupoteza umbo lake la sahani, ikavimba kuwa kama mpira, kisha ikachomoza vijimkono vyembamba kila upande. (Kwa hiyo jina la "sahani" ni sahihi kwa chembe iliyolala tu, iliyoamka inafanana zaidi na buibui.) Vifuko vilivyomo ndani hupasuka nje na kumwaga shehena yake: adenosini difosfati, ambayo wataalamu huifupisha ADP, kalisi zaidi, na protini mbalimbali za ugandishaji. Wakati huohuo chembe hutengeneza kemikali iitwayo thromboksani. ADP na thromboksani ni mbiu ya mgambo: chembe sahani zinazopita zikiisikia nazo huamka, nazo hupiga mbiu yao.

Halafu chembe zilizoamka hubadilisha mikono ya protini iliyo juu yake. Mikono hiyo, makumi ya maelfu kwa kila chembe, ilikuwa imekunjwa; sasa hufunguka na kudaka fibrinojeni, protini inayoelea katika damu na yenye ncha mbili zinazoshikika. Chembe moja ikishika ncha hii na jirani yake ikishika ncha ile, tayari zimefungamana. Kwa kitenzi chetu, sasa chembe zimegandamana. Kiambishi kile cha kutendana si pambo. Kugandama ni kati ya chembe na ukuta, kugandamana ni kati ya chembe na chembe, na katika tiba hayo ni mambo mawili yenye magonjwa mawili tofauti. Wapo watu wanaozaliwa bila mikono hiyo ya kudaka fibrinojeni, hali aliyoieleza daktari wa Uswisi, Eduard Glanzmann, mwaka 1918. Chembe zao hugandama ukutani vizuri, lakini hazigandamani.

Utando unapogeuka

Vitabu vingi vya shule huishia hapo: chembe sahani zimejirundika, tundu limezibwa, basi. Kisha kwenye ukurasa mwingine huanza habari ya protini za damu zinazoganda, kana kwamba ni hadithi nyingine. Sisi pia tulifundishwa hivyo. Lakini rundo la chembe peke yake ni kama udongo mbichi uliosukumwa kwenye ufa wa bwawa. Maji yakizidi nguvu utaondoka. Ni lazima pawe na kitu cha kuushika, na kitu hicho ni nyuzi za fibrini. Chembe sahani zilizoamka ndizo zinazowezesha nyuzi hizo kutengenezwa, na kwa maoni yetu hii ndiyo sehemu inayovutia kuliko zote.

Utando wa chembe sahani, kama ulivyo utando wa kila seli, una matabaka mawili ya mafuta. Aina moja ya mafuta hayo, fosfatidilserini, yenye chaji hasi, huwekwa upande wa ndani peke yake. Chembe hutumia nguvu kila wakati kuirudisha ndani inapojaribu kutoka. Chembe inapoamshwa kwa nguvu, hasa ikiguswa na kolajeni pamoja na thrombini (tutaifikia sasa hivi), kalisi hujaa ndani yake na kufungua mlango maalumu kwenye utando. Mafuta ya ndani na ya nje huchanganyika, na fosfatidilserini hutokea nje. Si kila chembe hufika hatua hii. Zile zilizoamshwa kidogo hubaki na kazi ya kugandamana.

Kwa nini mafuta kuhama upande liwe jambo kubwa? Tuangalie protini zenyewe. Katika damu mna vipengele vya ugandishaji ambavyo wataalamu huvipa nambari za Kirumi, kuanzia I hadi XIII. (Nambari VI haipo: kilichopewa nambari hiyo kiligunduliwa baadaye kuwa ni kipengele V kilichokwisha kuamshwa, na nambari ikaachwa wazi. Istilahi za sayansi nazo hukosewa, na walimu wa lugha wasione haya kuliko wenzao.) Vipengele hivi huzunguka mwilini kote vikiwa vimelala. Kila kimoja, kikiamshwa, huamsha kinachofuata, hadi kimeng'enya kiitwacho thrombini kipatikane. Thrombini ndiyo inayoikata fibrinojeni iliyoyeyuka kuwa fibrini isiyoyeyuka.

Sasa fikirini mafundi wawili wanaotakiwa kushirikiana, nao wametupwa ndani ya mji mkubwa bila ya anwani. Huenda wakapishana siku nzima wasionane. Waambieni wakutane katika kibanda fulani chenye meza na vifaa, kazi itaanza asubuhi hiyohiyo. Fosfatidilserini iliyojitokeza ndiyo meza hiyo. Kalisi, yenye chaji chanya, husimama kati ya meza na protini kama gundi. Kipengele IX kilichoamshwa hukaa mezani pamoja na VIII kilichoamshwa, na kwa pamoja huamsha X. Kipengele X kilichoamshwa hukaa na V kilichoamshwa, na kwa pamoja huigeuza prothrombini kuwa thrombini. Karibu asilimia 20 ya kipengele V cha damu yetu hutunzwa ndani ya chembe sahani zenyewe, kwa hiyo mwenye meza huja na mmoja wa mafundi wake. Kazi hiyo ikifanyika mezani huwa ya haraka mara mamia ya maelfu kuliko pale kipengele X kinapofanya kazi peke yake kikielea katika kimiminika. Tofauti ya namna hiyo hugawa jambo linalotokea na jambo lisilotokea.

Na hapa tunalipata jibu la swali la maziwa. Protini za kugandisha zimo katika damu yote, lakini meza imo pale tu ambapo chembe sahani zimegandama na kuamka, yaani kwenye jeraha. Thrombini inayopeperushwa mbali na mahali hapo hudakwa na kuzimwa na protini nyingine zenye kazi hiyo. Inayobaki huziamsha chembe sahani zaidi, ambazo huandaa meza zaidi, ambazo hutoa thrombini zaidi. Mduara huu ndio unaoligeuza tone la kwanza la thrombini kuwa mafuriko.

Tone hilo la kwanza hutoka wapi? Hutoka kwenye seli zilizo nje ya mshipa, ambazo hubeba protini ya kuanzishia ugandishaji. Damu ikimwagika huikuta. Lakini kiasi chake ni kidogo, chatosha kuamsha tu.

Wataalamu hawakuiona picha hii mara moja. Mwaka 1964 makala mawili yalitokea, moja la Macfarlane wa Uingereza na jingine la Davie na Ratnoff wa Marekani, yakieleza vipengele vya ugandishaji kama maji yanayoporomoka kutoka ngazi hadi ngazi. Sitiari hiyo ya maporomoko ilitawala vitabuni, nayo ilikuwa na manufaa makubwa kwa vipimo vya maabara. Dosari yake ni kwamba maji yanayoporomoka hayahitaji mtu wa kuyapokea. Chembe sahani zilibaki pembeni. Mwaka 2001 Hoffman na Monroe, pia wa Marekani, walipendekeza maelezo yanayoiweka seli katikati: ugandishaji huanzia juu ya seli za nje ya mshipa, hukuzwa, kisha hutimizwa juu ya chembe sahani. Mwalimu wa fasihi ataona kwamba kilichobadilika hapa, pamoja na ushahidi, ni sitiari.

Ushahidi wenyewe uko katika wagonjwa. Mwaka 1979 iliripotiwa Marekani habari ya mwanamke aliyekuwa akitokwa na damu kupita kiasi ingawa chembe sahani zake zilikuwa nyingi za kutosha, ziligandama na zikagandamana kama za mtu yeyote. Vipengele vyake vya ugandishaji navyo vilikuwa salama. Kilichokosekana ni meza: chembe zake ziliamka lakini fosfatidilserini haikutokea nje. Mlango wenyewe ulijulikana mwaka 2010, pale Jun Suzuki, Shigekazu Nagata na wenzao huko Japani walipoitambua protini iitwayo TMEM16F, wakaonyesha kwamba jeni yake ina kasoro kwa mgonjwa wa namna hiyo. Ugonjwa huu, uitwao ugonjwa wa Scott, ni adimu mno, lakini unatufundisha kwamba kuziba tundu na kugandisha damu ni kazi mbili.

Himofilia inatufundisha hayohayo kwa upande wa pili. Mwenye himofilia A amekosa kipengele VIII, mwenye himofilia B amekosa IX. Meza ipo, fundi hayupo. Ndiyo maana mtu huyo akikwaruzwa kidogo damu hukata kama kawaida, kwa kuwa chembe sahani hujirundika vizuri; taabu huja baadaye, rundo linapolegea bila ya nyuzi za kulishika, na damu kuvujia ndani ya magoti na viwiko. Wazazi wengi hushangaa: mtoto alijikata na wembe akapona, mbona ameanguka tu na goti limefura?

Baada ya fibrini

Nyuzi za fibrini hulizunguka rundo na kulisuka. Wafugaji wa kwetu wanazijua nyuzi hizi hata kama hawakuwahi kuzisoma: anayekinga damu ya ng'ombe katika kibuyu huikoroga kwa kijiti isigande, na akikitoa kijiti hukuta kimeviringishwa nyuzinyuzi za kunata. Hizo ni fibrini. Damu iliyobaki haigandi tena, maana kitu cha kugandia kimeondolewa.

Chembe sahani bado zina kazi. Vijimkono vyake hushika nyuzi na kuzivuta, kwa protini zilezile zinazokunja misuli, na bonge husinyaa taratibu likizikaribisha kingo za jeraha. Ukiiacha damu katika chupa ya kioo kwa saa moja hivi utaona bonge limejitenga na ukuta wa chupa na kimiminika cha rangi ya manjano kimejikamua. Siku kadhaa baadaye, mshipa ukishapona, kimeng'enya kingine huzikata nyuzi na bonge huondoka. Kitenzi chake tunacho pia: kugandua.

Turudi kwenye karatasi ya dawa

Aspirini huzuia kutengenezwa kwa thromboksani, ile mbiu ya kuamshana. John Vane wa Uingereza alieleza mwaka 1971 jinsi aspirini inavyozuia kemikali za jamii hiyo, na mwaka 1982 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na Bergström na Samuelsson wa Sweden. Kimeng'enya inachokizima hakifufuki, na kwa kuwa chembe sahani haina kiini haiwezi kutengeneza kingine. Hubaki bubu kwa siku zote za maisha yake. Ndiyo sababu kipimo kidogo kwa siku kinatosha, na ndiyo sababu athari yake haiishi siku ile mtu anapoacha kumeza. Dawa nyingine, klopidogreli, huziba sikio linalosikia ADP.

Warfarini ni jambo jingine. Hiyo huzuia vitamini K isitumike katika kukamilisha vipengele II, VII, IX na X. Vipengele hivyo hutoka kwenye ini vikiwa havina kile kishikio cha kukamatia kalisi, hivyo haviwezi kukaa mezani. Dawa zote hizi, katika lugha ya mitaani, huitwa kwa jina moja la dawa za "damu nzito". Wala hakuna hata moja inayobadili uzito wa damu, au wingi wake, au kuyeyusha bonge lililokwisha kuganda. Za kuyeyusha bonge ni nyingine kabisa, nazo hutolewa hospitali kwa uangalizi.

Baada ya mjadala wa vipindi viwili, darasa lilikubaliana kuiandika sentensi ile hivi: "Dawa hii huzuia chembe za damu zisigandamane na kuziba mshipa. Haipunguzi damu yako." Sentensi ya pili haimo katika matini ya Kifaransa. Tuliijadili sana, kwa kuwa wapo waliosema mfasiri hana ruhusa ya kuongeza. Sisi tuliona kwamba msomaji wa Kifaransa hakuwa na hofu hiyo, na msomaji wetu anayo. Tukaongeza pia, kwa maneno yaliyokuwa yamo tayari katika matini, kwamba mgonjwa asiache dawa bila ya kuonana na daktari.

Kuhusu jina la chembe zenyewe, hatukufikia mwafaka. "Vigandisha damu" humwambia msomaji wa kawaida kazi yake mara moja, lakini huonyesha kana kwamba kazi hiyo hufanyika muda wote, na huficha kwamba anayegandisha ni thrombini, chembe ikiwa mwenye meza. "Chembe sahani" haidai kitu isichokijua, ila humwacha msomaji na picha ya sahani hata pale umbo hilo linapokwisha kupotea. Wengi wetu tumeelekea "chembe sahani" kwa maandishi ya kitaaluma, tukiongeza "zilizolala" au "zilizoamka" kila inapobidi. Kwa hilo la pili wapo wanaopendelea "zilizoamilishwa", nasi hatuna ugomvi nalo katika kitabu cha chuo kikuu. Katika karatasi itakayosomwa na bibi wa miaka sabini akiwa na kidonge mkononi, tungeandika "zilizoamka".

Wanafunzi wanaotaka kuendelea na kazi hii tumewapa matini nyingine, ya maelezo kwa wazazi wa watoto wenye himofilia. Ugumu wake wa kwanza uko katika kichwa cha habari, ambamo neno la Kifaransa la kutokwa na damu linatumika kwa jeraha la nje na kwa goti lililofura bila ya tone lolote kuonekana. Kwa Kiswahili tunasema "kutokwa na damu" kwa lile la kwanza. Kwa la pili tumependekeziwa "kuvuja damu ndani", "kuvilia damu" na "damu kuingia kwenye kiungo", na tutafurahi kupokea mapendekezo mengine kutoka kwa wasomaji kabla ya toleo lijalo.